Pigo la Upepo la Fundi Makungu

Haya, sogeeni, na anayesinzia akanawe uso! Nikisema "Kale!" mnaitika "Ituvute!" Kale! Aa, hiyo sauti ya mgonjwa. Kale! Naam, sasa nimewasikia.

Paliondokea mtu katika mji wa Kitongani, zama ambazo hata babu wa babu yangu alizisikia tu. Jina lake Fundi Makungu, mwalimu wa mchezo wa fimbo. Kila alasiri vijana wanapanga mistari, ngoma inalia, fimbo juu, fimbo chini, ta-ta-tu, ta-ta-tu, na miguu inazifuata. Ungeona, ungesahau chungu jikoni!

Chuo kile kilikuwa na desturi yake. Fimbo ya fundi haimgusi mwanafunzi, na mwanafunzi hangojei iguse. Ikipepea mbele ya uso wako, unaanguka. Ndiyo adabu. Fundi akaliita pigo la upepo. Miaka ikapita, wanafunzi wakaanguka, wakaanguka, wakaanguka, mpaka fundi mwenyewe akaamini kuwa upepo wake ndio unaowaangusha.

Na hakuna aliyejua kuanguka kama Shaame. Alikuwa yatima, fundi ndiye aliyemlea, naye akampenda kama baba mzazi. Akianguka, vumbi linapanda hadi kwenye makuti! Moyoni alijua kwamba anajiangusha, lakini alidhani wenzake wanaangushwa kweli, ila yeye tu ndiye mwenye kichwa kigumu. Akanyamaza.

Basi ukaja mwaka wa kiangazi kikali. Kisima kilichobaki na maji kilikuwa kimoja, katikati ya Kitongani na Msukani, na watu wa pande zote mbili wakaanza kutoleana macho. Wazee wakaamua: kila mji utoe mtu, washikane mieleka mchangani. Atakayelazwa chali, mji wake utachota baada ya ng'ombe wa wenzao, mpaka mvua inyeshe. Baada ya ng'ombe, wajukuu zangu! Mnajua maji yanavyokuwa ng'ombe wakishatia midomo?

Msukani wakamtoa Tindo, mchukuzi wa magunia ya chumvi, shingo na kichwa unene mmoja. Kitongani akasimama Fundi Makungu.

"Nakwenda mwenyewe. Wala simgusi. Nitampepea tu!"

Vigelegele! Shaame naye akashangilia kuliko wote.

Kesho yake akatumwa Msukani kufuata chumvi. Akapita uwanjani, akakuta watoto, wa kike kwa wa kiume, wanaangushana. Msichana mmoja jina lake Bikombo, kimo chake kinaishia kifuani kwa Shaame, akamwita.

"Kaka mgeni, njoo tushikane."

Shaame akacheka. Akainua mkono, akampepea pigo la upepo.

"Unafukuza nzi?" akauliza Bikombo. Hakungoja jibu. Akamdaka kiunoni, puu! Mchanga mdomoni.

"Tena," akasema Shaame. Puu! "Tena!" Puu!

Chekeni, chekeni. Lakini Shaame hakucheka. Aliwaza Tindo akimnyanyua na kumbwaga fundi wake, mzee yule mwenye shingo nyembamba. Akaogopa hasa. Ikawa kila siku anarudi Msukani, kila siku anaangushwa, ila sasa Bikombo anatoka jasho kidogo.

Na fundi ataambiwaje? Wewe Mkubwa uliyekaa hapo mbele, ungeweza kumwambia baba yako jambo kama hilo? Basi na Shaame hakuweza.

Ikafika siku ya kuamkia shindano. Mji mzima umekuja chuoni kutazama. Ta-ta-tu, ta-ta-tu! Fundi akaruka mbele ya Shaame, akapepea fimbo. Shaame akasimama.

Ngoma ikanyamaza.

"Shaame, mwanangu, umesahau?"

"Sikusahau, fundi."

Fundi akapepea tena, kwa nguvu. Shaame kasimama, machozi yanamtoka. Fundi akaghadhibika, akaishusha fimbo kweli. Shaame akaipokea begani, akamwingia, akamshika kiunoni, akamlaza chini polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Fundi akawatazama wanafunzi wake kutoka pale chini.

"Na nyie wengine? Mlikuwa mnajiangusha?"

Wakaangaliana. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu," akasema mmoja. "Hata mimi," akasema mwingine. "Na mimi!" "Na mimi!"

"Lo! Kumbe miaka yote nimekuwa nikipigana na adabu zenu!"

Watu wakangoja hasira. Mzee akacheka, akacheka mpaka akalia, na kile kilio hakikuwa cha kicheko peke yake. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

"Kesho utakwenda wewe. Lakini nionyeshe ulivyonishika. Na asiniangukie mtu! Atakayeanguka kwa hisani nitampiga kwa kweli!"

Asubuhi, mchangani. Tindo huyo! Akamnyanyua Shaame juu, Shaame akajipinda, akatua kwa miguu. Tindo akamkamata tena, akamkaba, akamsukuma, akamsukuma, pumzi zinamwishia. Watu wa Kitongani wamefumba macho. Mara ngoma ikalia: ta-ta-tu! Ni Fundi Makungu, anaipiga mwenyewe. Miguu ya Shaame ikaijua ngoma ile kabla ya kichwa chake. Ta, kushoto. Ta, kulia. Tindo akamfuata bila kujua, mguu mmoja ukabaki hewani, na penye tu! Shaame akamdaka kiunoni, akaufagia ule wa pili kwa mtama. Puuu! Chali!

Kitongani wakatangulia kuchota, ndoo zinagongana kwa furaha. Tindo akajipangusa mchanga.

"Miguu ile umefundishwa na nani?"

"Na fundi wangu."

"Na kushika kule?"

Shaame akamwonyesha Bikombo, aliyekuwa amejificha nyuma ya mama yake akicheka.

Siku ya pili, alasiri, watu wa Msukani wakamwona mzee anakuja, hana fimbo, hana ngoma, kikoi kakifunga barabara. Akasimama mbele ya Bikombo.

"Mjukuu wangu, njoo tushikane."

"Babu, nitakuumiza."

"Ukinionea haya, narudi kwetu."

Puu! Mzee akainuka, mchanga ndevuni, macho yanang'aa.

"Tena!"

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kweli hutunzwa. Lakini nami nawaambia, anayekuangukia kwa heshima hakufundishi kusimama. Mpende anayekuangusha kweli kisha akakupa mkono.

Kale imetuvuta, kale imetuachia. Utamu gawaneni, uchungu niachieni mimi. Na aliyelala tumwamshe, ila tumtazame vizuri, asiwe amejiangusha tu!