Pikipiki Ndogo ya Mtu Mkubwa

Ndugu zangu, kabla hatujalifungua somo la leo, fikirieni kwanza mawe. Sisemi mawe ya kujengea. Nasema yale makubwa ya mlimani, yaliyolala kama migongo ya tembo, ambayo hata mbuzi akiyafikia husimama kwanza.

Huko kwenye vilima vya Taita palikuwa na chama cha watu waliokuwa wakishindana kuyapanda mawe hayo kwa pikipiki. Sikilizeni vizuri, maana mchezo wenyewe si wa mbio. Hakuna anayemkimbiza mwenzake. Kila mmoja hupita peke yake, polepole, katika njia iliyowekewa utepe huku na huku, na sharti ni moja tu: mguu usiguse chini. Ukigusa, unahesabiwa kosa, na mwenye makosa machache ndiye mshindi. Pikipiki zao hazina hata kiti, mtu huendesha amesimama. Na penye mwinuko mkali, mwenzako hukaa chini yako kwenye jiwe, tayari kuidaka pikipiki ikianza kurudi nyuma.

Katika chama hicho alikuwemo mwashi mmoja, jina lake Mghanga. Alikuwa mtu wa mwili, mabega mapana, mikono ya kubeba mifuko ya saruji. Kwa kupanda mawe hakuna aliyemfikia. Aliyekuwa akisimama chini yake siku zote ni shemeji yake Mwakio, kaka wa mke wake. Na alikuwemo mwalimu wa shule ya msingi, Mshai, mwanamke mwembamba, mwepesi kama jani, aliyejifunza mchezo ule baada yao na kuupenda kwa moyo wote.

Ikatokea chama kikapata pikipiki mbili mpya. Kwa macho zilifanana, tofauti ilikuwa injini. Moja ilikuwa ya cc 125, nyingine ya cc 250. Mwakio aliwaeleza wote wawili bila kuzunguka. Ile kubwa ina nguvu ya kuvuta tangu chini, polepole, kwa hiyo inamfaa mtu mzito kama Mghanga. Ile ndogo ni laini na haina haraka ya kuruka, kwa hiyo inamfaa mtu mwepesi kama Mwalimu. Hapakuwa na la kubishaniwa.

Lakini Mghanga akasimama mbele ya wanachama akasema, "Mimi ni mtu mdogo tu katika chama hiki. Nipeni ile ndogo. Kubwa apewe Mwalimu."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema huyu ndiye kiongozi, amejishusha. Habari ikafika mpaka kanisani kwao, ikatajwa Jumapili baada ya matangazo. Je, hata sisi tungekuwepo, tusingepiga makofi? Mtu hodari kuliko wote anachukua kilicho kidogo. Nani asingempenda mtu kama huyo?

Mwakio peke yake hakupiga makofi. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimuuliza shemeji yake kwa nini amefanya hivyo, na Mghanga akamjibu kwamba Maandiko yanatuamuru tuwe wanyenyekevu. Ukishaletewa Maandiko utajibu nini?

Wakaanza mazoezi. Mshai aliipanda ile kubwa, na kila alipoongeza mafuta kidogo tu, gurudumu la mbele liliinuka kama farasi aliyeshtuka. Alianguka, akaamka, akaanguka tena. Mikono yake ikajaa michubuko, akawa anavaa nguo za mikono mirefu darasani ili watoto wasimuulize. Hakulalamika, kwa sababu aliamini amepewa heshima. Ungemwambiaje mtu aliyekuachia kilicho kikubwa kwamba hukitaki?

Siku ya mashindano vyama vya jirani vilikuja. Mshai alitangulia. Kwenye jiwe la kwanza pikipiki iliruka, ikamtupa kwenye utepe. Hakuumia sana. Aliyoyasikia kwa watazamaji ndiyo yaliyomuumiza, kwamba mchezo huu si wa wanawake. Alivua kofia yake ngumu, akashuka mlima kwa miguu, na tangu siku hiyo hakuonekana tena mazoezini.

Ikafika zamu ya Mghanga. Mawe ya chini aliyapita vizuri, maana ustadi alikuwa nao. Halafu akafika kwenye mwinuko mkali. Mwakio alikuwa amekwisha kusimama chini yake, mikono mbele. Mghanga akaongeza mafuta, pikipiki ikapanda ikilia, ikapanda, na karibu kabisa na kilele injini ikashindwa na uzito, ikazimika. Mtu na pikipiki vikarudi nyuma pamoja. Mwakio angeweza kuruka pembeni. Hakuruka. Aliidaka kama alivyokuwa akiidaka miaka yote, lakini safari hii ilikuja na mwashi mzima juu yake. Mguu ukavunjika chini ya goti.

Watazamaji walisemaje? Walisema maskini Mghanga, pikipiki ilikuwa ndogo mno kwake, kosa si lake.

Hapo ndipo Mghanga alipoanza kukosa usingizi. Maana neno lile alilitambua. Ndilo neno alilokuwa amelingojea.

Akaenda hospitali, akakuta shemeji yake amefungwa plasta mguu mzima. Akaketi kando ya kitanda. Akasema, "Shemeji, haikuwa unyenyekevu. Niliogopa. Ile kubwa, ningeshindwa nayo, watu wangejua nimeshindwa mimi. Nilichukua ndogo ili nikianguka niwe na cha kusema."

Mwakio alikuwa akitazama dirishani. Akamjibu taratibu, "Mguu wangu utapona jinsi utakavyopona. Hayo maneno kamwambie Mwalimu. Yeye alifikiri amepewa heshima."

Mghanga akaenda. Alimkuta Mshai akisahihisha madaftari barazani, akamweleza yote akiwa amesimama, hakuweza kuketi. Mshai alisikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alimuuliza swali moja tu, kama ile ndogo bado inawaka. Mghanga akasema inawaka. Basi, akasema Mshai, iletwe.

Msimu uliofuata walibadilishana. Mshai alipanda ile ndogo, na mawe yaliyokuwa yamemtupa akayapita bila mguu kugusa chini. Na Mghanga? Mngependa niwaambie kwamba alishinda. Hakushinda. Aliipanda ile kubwa mbele ya watu wote, akagusa chini mara nyingi, akamaliza karibu na mkia. Akashuka bila neno la kujitetea, kwa sababu safari hii hakuwa nalo. Mwakio alitazama akiwa ameketi pembeni na fimbo yake. Mguu uliunga vibaya, na juu ya mawe hakusimama tena.

Sasa, ndugu zangu, nilipoanza kusema habari ya injini kubwa na injini ndogo, wengi wenu mlishajua mwisho. Mlijua mchungaji atasema kubwa ni kiburi na ndogo ni unyenyekevu. Leo sisemi hivyo. Kiburi kinaweza kupanda pikipiki ndogo pia. Na hicho ni kibaya zaidi, kwa sababu tunakipigia makofi.

Sisi tunaombwa kufundisha watoto, tunasema mimi sifai, mtafuteni mwingine. Tunaombwa kusimama na familia iliyofiwa, tunasema mimi ni mdogo, wapo wakubwa. Mungu ametupa nguvu, na tunajifanya hatuna. Tunadhani hasara ni yetu wenyewe. Hebu tazama chini yako. Ni nani amesimama pale, akidaka uzito uliokataa kuubeba? Tena tazama pembeni. Ile nafasi ndogo uliyoing'ang'ania, ilikuwa ya nani? Na ule mzigo wako umemwangukia nani, mwenye mikono myembamba, anayeficha michubuko kwa mikono mirefu?

Baada ya ibada, kamati ya kutembelea wagonjwa itawangoja pale mlangoni. Wanahitaji watu. Nawaomba jambo moja. Mtu asiende kuwaambia kwamba yeye ni mdogo. Kama unaogopa, sema unaogopa. Anayesema anaogopa tutamshika mkono twende naye. Anayesema yeye ni mnyenyekevu tutamsifu tu, kisha tutamwacha.