Karanga ya Mashavu na Mwayo wa Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Masikio yako wapi?

— Yapo hapa!

Na moyo uko wapi?

— Umebaki ng'ambo!

Basi sogeeni, tuufuate.

Hapo kale palikuwa na ziwa, na katikati ya ziwa palikuwa na kisiwa, na kwenye kisiwa palikuwa na Mashavu. Huku ufukweni, kwenye matope, palikuwa na mumewe, Buku.

Buku ni yule panya mkubwa wa porini, mwenye mifuko ndani ya mashavu. Akiokota mbegu anatia shavuni, akiokota kokwa anatia shavuni. Lakini siku zile shavu lake la kulia lilikuwa na kitu kimoja tu: karanga moja. Hakuila. Hakuitema. Akilala inalala naye, akiamka inaamka naye. Nyani akimwona humcheka: "Buku! Jino bado linakuuma?"

Halikuwa jino. Ilikuwa karanga ya Mashavu.

Siku homa ilipoingia porini, Buku na mkewe walikuwa mlangoni kwao wakimenya karanga. Buku akapasua ganda, kwa! Ndani zimo mbili. Yeye akala yake. Mashavu akanyoosha mkono achukue ya kwake, mara puani kukawasha. Chya!

Chafya moja tu. Lakini Kiboko aliisikia.

Huyu Kiboko, homa ilipoingia, alipanda juu ya mwamba akajitangaza Mkuu wa Utafiti. Hakuna aliyemchagua, ila hakuna aliyeweza kumsukuma ashuke. Akatoa amri: "Kila anayeumwa avushwe kisiwani! Asirudi mpaka utafiti wangu ukamilike! Na kila mwenye afya alete hapa ufukweni kapu la chakula cha wagonjwa. Nitakivusha mimi mwenyewe, kwa mgongo wangu, kwa huruma yangu."

Basi Mashavu akavushwa. Akiwa juu ya mgongo wa Kiboko, maji yamemzunguka pande zote, aligeuka akapaza sauti: "Yangu nitunzie!"

Buku akaitia karanga shavuni.

Mvua zikanyesha, mvua zikakatika. Buku akaenda kwenye mwamba. "Shikamoo, Mkuu. Wagonjwa wanarudi lini?"

"Marahaba. Utafiti unaendelea."

Majani yakaota, majani yakakauka. Buku akarudi tena kwenye mwamba. "Shikamoo, Mkuu. Mke wangu je?"

"Marahaba. Utafiti unaendelea."

Nguchiro ndiye aliyethubutu kusema zaidi. "Mkuu," alisema, "wewe mbona unanenepa?" Kiboko akamtumbulia macho. "Msikieni anavyoweweseka! Homa imempanda kichwani. Kisiwani!" Nguchiro naye akavushwa. Tangu hapo watu wa porini wakajifunza kufunga midomo.

Buku hakujua kuogelea. Alichokuwa nacho ni sauti. Aliita mchana, sauti ikapotea kwenye joto. Aliita jioni, upepo ukaibeba ukaenda nayo kwingine. Akaita alfajiri, hewa ikiwa ya baridi juu ya maji, na sauti ikateleza juu ya ziwa kama jani, ikafika.

"Mashavuuu! Upooo?"

"Nipooo! Nipo, Buku, nipooo!"

Tangu siku hiyo, kila alfajiri Buku alikuwa ufukweni. Upo? Nipo. Hawakuwa na mengine ya kusemezana, maana maneno mengi hayavuki. Upo? Nipo. Kisha jua linapanda, hewa inapata joto, na siku nzima iliyobaki ni ya kungoja nyingine.

Halafu sauti ya Mashavu ikaanza kupungua.

Kwanza ilikuwa "nipo" mbili badala ya tatu. Kisha moja. Kisha moja nyembamba kama uzi.

"Ni upepo tu," Nyani alisema. "Umegeuka."

Labda ni upepo. Buku alitaka kujua. Alijaribu. Kule kisiwani aliishi Chura, naye kila alfajiri huimba: krooo, krooo! Buku akasikiliza. Chura alisikika vilevile, mnene, wala hajali. Kama ni upepo unaokula sauti, kwa nini ule ya Mashavu uache ya Chura? Akawaza. Chura hali chakula cha kapu. Chura anakula mbu wake. Anayekula cha kapu ndiye anayefifia.

Makapu yanaondoka huku yamejaa. Je, yanafika?

Alitaka kujua. Alijaribu. Alikwenda kwa Bi Nungunungu, aliyekuwa akipika kande za wagonjwa, akatoa kwenye shavu la kushoto donge la bizari ya manjano, akalimwaga lote chunguni.

"We!" Bi Nungunungu akasimamisha miiba. "Manjano yote hayo, mwanangu? Unalisha wagonjwa au unapaka ukuta?"

"Ni dawa, mama. Ila nakuomba, usionje."

"Mpishi gani haonji?"

"Mpishi anayetaka kumjua mlaji."

Bi Nungunungu akamtazama, akalitazama lile shavu lililovimba, akafunika chungu. Kiboko akaja, akabeba kapu lenye chungu hicho, akaogelea mpaka nyuma ya mafunjo, mahali ambapo macho hayafiki. Pakasikika: nyam, nyam, nyam. Kisha: beu!

Alfajiri iliyofuata Buku aliita. "Mashavuuu! Upooo?"

Kimya. Akaita tena. Maji yakapiga ufukwe, chwa, chwa. Chura akaimba. Kisha, kwa mbali sana:

"Ni..."

Basi. Nusu ya neno.

Buku alikaa akiishika karanga kwa ulimi. Alitaka kulia, lakini akilia itamtoka. Akainuka, akakata bua la jani la mpapai, lile lenye tundu ndani, akaenda kwenye mwamba, wanyama wakiwa wamejaa na makapu yao ya siku hiyo.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Utafiti unaen..."

"Najua, Mkuu. Na mimi mdogo wako nimetafiti kidogo."

Wanyama wakacheka. "Utafiti gani, wewe jino bovu?" Nyani akauliza.

"Nimegundua homa mpya," Buku akasema. "Ile ya zamani ilianza na chafya. Hii haina chafya. Kwanza ulimi unakuwa wa manjano. Pili masikio yanacheza yenyewe. Tatu moyo unagonga kifuani: du-du, du-du."

Kicheko kikakatika kama kamba. Wakaanza kukaguana. Toa ulimi! Na wewe toa! Wa Nyani mwekundu. Wa Bi Nungunungu mwekundu. Wa Twiga mweusi, watu wakaruka nyuma.

"Huo ndio wangu wa siku zote, jamani!" Twiga akalalamika.

Ikafika zamu ya juu ya mwamba.

"Mkuu, ulimi?"

"Mm," akasema Kiboko, midomo imefungwa kabisa.

"Kidogo tu, Mkuu."

"Mm-mm."

Buku hakubishana. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akapiga mwayo. Aaah-wa! Nyani akamwona, akapiga mwayo. Twiga akamwona Nyani, akapiga mwayo mrefu kama shingo yake. Mwayo ukazunguka, aaah-wa, aaah-wa, mpaka ufukwe mzima unapiga miayo. Kiboko akabana. Pua zikatanuka. Machozi yakamlengalenga. Akabana, akabana, na mwishowe taya likamfunguka kama lango la zizi.

AAAAH-WAAA!

Ulimi ulikuwa wa manjano kama ua la alizeti.

Hakuna aliyepumua. Na Kiboko, juu ya mwamba, akaanza kupiga hesabu. Akisema, "Si homa, ni bizari," wataanza kuuliza: bizari ya chungu gani? Bora mgonjwa kuliko mwizi.

Masikio yake yakacheza, ti-ti, kama yanavyocheza siku zote. "Yanacheza!" wanyama wakapiga kelele. Buku akaegemeza bua kifuani kwa Kiboko, upande wa pili akampa Nyani aweke sikioni.

"Unasikia nini?"

"Lo! Du-du! Du-du! Kama ngoma ya harusi!"

"Moyo haujawahi kunigonga hivi!" Kiboko akasema, jasho linamtoka, sasa ameanza kuamini kweli anaumwa. Na kweli kwake haukuwahi, maana hakuwahi kuusikiliza. Hakuna aliyekumbuka kuliweka bua kwenye kifua chake mwenyewe. Buku alikumbuka. Akanyamaza.

"Nitapona?" Kiboko akanong'ona.

"Kwa amri yako mwenyewe, Mkuu, anayeumwa avushwe kisiwani. Na dawa ni jasho. Avuke na mzigo mgongoni, arudi na mzigo mgongoni, mpaka ulimi utakate. Ila chakula cha wagonjwa asikiguse hata punje. Kinapandisha homa."

"Na nani atanikagua ulimi?"

"Mimi. Inama nipande."

Ndivyo Buku alivyovuka ziwa bila kujua kuogelea. Kapu mbele yake, kapu nyuma yake, na chini yake Kiboko anatweta, fuu, fuu, akinusa kande na kumeza mate. Buku hakutazama chini. Alitazama kisiwa kikikua. Siku zote alikijua kama mstari tu. Sasa kikawa na miti, miti ikawa na majani, na chini ya majani wakaonekana waliovushwa, homa imewatoka zamani, mbavu zinahesabika.

Mashavu alikuwa ameketi kwenye shina la mafunjo. Hakukimbia kumlaki, miguu haikuwa na nguvu hiyo. Alikuwa mdogo kuliko Buku alivyomkumbuka.

Buku alisimama mbele yake, karibu kiasi cha kugusana masharubu. Maneno yote aliyoyapanga ufukweni yakamtoroka, likabaki lile moja.

"Upo?"

"Nipo."

Akaingiza kidole shavuni, akaitoa karanga. Ilitoka taratibu, na nyuma yake ikafuata kimzizi cheupe, kirefu, kimejikunja.

Mashavu akaipokea viganjani. Akaigeuza. "Buku. Hii imeota."

"Uliniambia nikutunzie. Hukuniambia mpaka lini."

"Sasa ndiyo ukalima mdomoni?"

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kimekauka kwa kukosa matumizi, lakini kikazidi kupanda mpaka Chura akanyamaza kukisikiliza. Kisha Mashavu akaegemea bega la Buku, wakakaa hivyo huku wenzao wakifunua makapu, na hakuna kati yao aliyeita tena siku hiyo, maana hapakuwa na maji katikati.

Kiboko aliwarudisha wote. Nguchiro juu ya mgongo, Kanga juu ya mgongo, Digidigi na wanawe juu ya mgongo. Kila akifika ufukweni hufungua kinywa. "Nimepona?"

Buku huchungulia, hutikisa kichwa. "Utafiti unaendelea, Mkuu."

Mpaka leo Kiboko hakai nchi kavu mchana. Yumo majini anatoa jasho, na kila baada ya muda anapanua kinywa, anangoja mtu amtazame ulimi.

Na fundisho la ngano hii, watoto, ni hili: usijaribu kitu. Ukiambiwa utafiti unaendelea, kaa, tulia, nenepa ukiweza. Chakula cha wagonjwa mwachie mkubwa akipeleke mwenyewe, wala usitie bizari. Mtazameni Buku, hakutulia. Sasa ana shamba zima la karanga la kupalilia, na mke wa kumsema kwamba amepalilia vibaya. Tena hata usingizi umemharibikia. Kila alfajiri, hewa ikiwa ya baridi, huamka gizagiza shimoni mwake akauliza kwa sauti ya kuvuka ziwa:

"Mashavuuu! Upooo?"

Na ubavuni pake mtu anageuka, anamvutia majani ya kujifunika.

"Nipo, Buku. Nipo. Lala."

Ngano yangu imevuka, imeshuka, imekauka maji. Aliyefika naye amshike mkono. Na mwenye mtu ng'ambo asiite mchana. Aite asubuhi.