Nyumba ya Bi Mwanahawa na Mlinzi Asiyeambiwa

"Mlinzi hulinda mlango alioonyeshwa." Ndivyo alivyowaambia fundi leo, nanyi mkacheka mkidhani anawatafutia askari wa getini. Msicheke. Maneno hayo yalizaliwa hapa hapa mtaani kwetu Korogwe, mchana kweupe, na mimi nilikuwapo.

Bi Mwanahawa Mhando alikuwa jirani yangu, mjane aliyestaafu ualimu. Nyumba ile ndiyo mali pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe, na aliishi humo na mama yake mzazi, kikongwe asiyeona. Hakuwa mjinga. Aliikatia bima kwa Rukia Shemdoe, wakala tuliyekuwa naye kikundi kimoja cha kina mama, na kila mwaka alilipa bila kukosa. Sisi wengine tulimtania kwamba analipia moto usiowaka.

Mwaka ule akaamua kuongeza vyumba viwili nyuma. Sasa kwetu mnakujua: nyumba haitangazwi kabla haijaezekwa, jicho la mtu lisije likaipasua. Bi Mwanahawa alizidisha. Alizungushia uwani mabati chakavu, akamwapisha fundi Kijazi asifungue mdomo. Rukia alipopita akaona rundo la kokoto, akauliza, "Bi mkubwa, tunajenga?"

"Mimi? Za ndugu yangu hizo, kaziweka tu."

"Haya, Mungu ampe wepesi," Rukia akasema, akaenda zake.

Fundi akachimba msingi mpya ubavuni mwa ule wa zamani, akabomoa kipande cha ukuta wa nyuma na kuezua bati za upande huo. Mvua ikaja. Maji yakajaa kwenye ule mtaro, yakaula msingi wa zamani taratibu. Tulikuwa tunapakua chakula cha mchana tuliposikia mshindo. Ukuta wa nyuma ulilala, ukavuta kenchi zilizobeba bati, na paa lote likashuka. Nyumba nzima, jamani! Bibi kizee tulimtoa chini ya meza akiwa hai, vumbi mwili mzima, anauliza nani kazima redio. Tukaangua kilio sote.

Ajabu ni kwamba Bi Mwanahawa ndiye aliyetubembeleza. "Nyamazeni. Mama mzima. Nyumba ina bima."

Rukia akaja mbio. Akamkumbatia, kisha macho yake yakatua kwenye mtaro, matofali mapya na mifuko ya saruji. Akamwachia.

"Bi Mwanahawa, ulikuwa unajenga."

"Vyumba viwili tu, mwanangu."

"Kampuni iliahidi kuilinda nyumba iliyokamilika. Ukitaka kubomoa ukuta au kuezua, sharti uwaambie kwanza, wakuongezee bima ya ujenzi. Hii imeangushwa na ujenzi wasioujua. Hawatalipa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Na nilikuuliza! Kwa mdomo wangu nilikuuliza!"

Bi Mwanahawa akageuka kututazama, mmoja mmoja. "Niliogopa macho ya watu," akasema. "Kwani nyinyi mlijua?"

Nani asingejua? Malori ya mchanga yalipita milangoni mwetu, na vumbi la saruji lilitua kwenye nguo tulizoanika. Mtaa mzima tulijua. Aliyefichwa asijue alikuwa mmoja tu, yule aliyelipwa kumlinda. Niliona aibu ambayo sikujua niiweke wapi.

Akaketi kwenye matope, na kanga yake nzuri hivyohivyo.

"Husuda nimeipa habari zote," akasema kwa sauti ile ile ya darasani, "bima nikaificha. Wafundisheni wengine: mlinzi hulinda mlango alioonyeshwa."

Siku hiyo hiyo alimshika mama yake mkono, wakahamia chumba changu cha uani, na humo ndimo walimofia wote wawili. Kwa hiyo kesho, kabla fundi wenu hajagusa ukuta, mpigieni simu wakala wenu wa bima. Wala msinong'one. Mlinzi hulinda mlango alioonyeshwa.