Kindi na Ukurasa wa Saba

Hapo zamani za kale, zamani ambazo wengine huzisimulia vibaya na mimi peke yangu huzisimulia sawasawa, kulikuwa na bwawa moja tu lenye maji, na ndani ya bwawa hilo alikaa Kiboko.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Kiboko akajilaza katikati ya maji, akatoa amri: "Anayetaka kunywa aje anionyeshe mazingaombwe! Nisipojua yanavyofanyika, bwawa ni la wote. Nikijua, anahama yeye, watoto wake na kiu yake!"

Msidhani alibahatisha. Alikuwa na kitabu cha kale cha mazingaombwe, kila mchezo na siri yake, naye alikuwa amekikariri chote, mpaka bei iliyochapwa nyuma ya jalada.

Akaja Ngedere na kamba inayokatwa ikaungana. Kiboko akafumba macho, akapanua kinywa kama mlango wa ghala.

"Hoo-hoo-hoo! Ukurasa wa tatu! Kamba ni mbili, moja iko kwenye mkono wa kanzu! Hama!"

Akaja Nungunungu na kitambaa kinachogeuka rangi.

"Hoo-hoo-hoo! Ukurasa wa tano! Hama!"

Sasa, Kindi alikuwa na watoto watatu ambao midomo yao ilishaanza kupasuka kwa kiu. Naye alikuwa na kitabu hicho hicho, alichoachiwa na babu yake, mchwa wamekila pembe zote. Akafungua ukurasa wa saba: yai linalopotea. Unalionyesha yai, unatikisa mkono, yai linatumbukia kwenye kwapa la kushoto. Basi.

"Mama watoto," mumewe akasema, "ukurasa wa saba hata vyura wanaujua. Tufunge virago mapema."

"Funga vya kwako, Baba Chepe. Mimi nina mazoezi."

Akafanya. Yai la kware likaanguka, pwa! La pili, pwa! Siku ya nne nyumba nzima wanakula mayai yaliyookotwa sakafuni. Siku ya kumi yai likaingia kwapani bila hata unyoya kutikisika.

"Umeweza, mke wangu!"

"Sijaweza. Hivi ndivyo kilivyosema kitabu, na kitabu Kiboko anacho. Natafuta mahali ambapo kitabu hakikufika."

Akapanda mti ulio kando ya bwawa, akakaa siku tatu akitazama wenzake wakifukuzwa. Mikono yao hakuitazama. Alimtazama Kiboko.

Aliporudi alisimamisha mtungi mbovu mlangoni, akaanza kuurushia mayai. Pwa! Pwa! Tup! Pwa! Tup! Tup!

"Na huu ni ukurasa wa ngapi?" mumewe akauliza.

"Bado haujachapwa."

Siku ikafika, wanyama wakajaa ukingoni. Kiboko alikuwa anatafuna nyasi za asubuhi, mashavu yamejaa pande zote mbili.

"Haya, kadogo, harakisha. Usingizi unanijia."

Kindi akainua yai juu kwa mkono wa kulia. "Mmeliona?"

"Tumeliona!"

Fyu! Akatikisa mikono, kisha akaubana mkono wa kushoto ubavuni, akaubana kabisa, kama mtu aliyeiba embe sokoni.

Kiboko hakungoja. Akafumba macho, kinywa kikaachama: "Hoo-hoo-hoo! Ukurasa wa saba! Kwapani! Kushoto! Hama!"

Macho yote yakaenda kwenye kwapa la kushoto. Mkono wa kulia nani aliutazama? Hakuna.

Kindi akainua mkono wa kushoto, polepole. Hamna kitu. Akainua wa kulia. Hamna.

"Aaah!" umati ukaguna.

"Liko wapi?" Kiboko akauliza, nyasi zikimzuia kusema vizuri.

"Kitabu kinasemaje, Mheshimiwa?"

"Kinasema kushoto!"

"Kushoto umekuona."

Kiboko akageuka huku, akageuka kule, akatazama nyuma ya masikio yake mwenyewe. Jasho likamtoka ndani ya maji.

"Sijui," akanong'ona.

"Wa nyuma hawakusikia."

"SIJUI!"

Na alipoachama kupiga kelele hiyo, kila mmoja akaliona: yai la kware, lina madoadoa yake, limejilalia juu ya nyasi nyuma ya jino kubwa, zima kabisa.

"Lo! Analo mwenyewe!"

Wote walicheka mpaka wakaanguka. Kabla Kiboko hajamaliza kutema nyasi, chubwi! chubwi! chubwi! watoto wa Kindi walishazama majini mpaka masikioni, na wanyama wote nyuma yao.

Hadithi yangu imefika ukingoni, wanangu, na funzo lake ndilo hili: ukimaliza kusoma kitabu, usidhani mwenzako naye ameishia hapo hapo.