Jeneza Lililosimamishwa Mpakani

Inasimuliwa, nasi tumepokea kwa wakubwa waliopokea kwa wakubwa wao, kwamba palikuwa na mwongoza misafara mcha Mungu aitwaye Habbabu bin Wathila. Siku moja alijiwa na ajuza, Bibi Lubaba, ambaye mwanawe wa pekee, Ukaili, alifariki ugenini katika milki jirani.

"Mwanangu Habbabu," akamwambia, "niletee mwanangu nimzike hapa, niwe namzuru kabla miguu haijanikatalia."

Habbabu akaingiwa na huruma, akaahidi.

Alipofika huko alikuta Ukaili amekwishazikwa. Akamwendea kadhi wa mji kuomba ruhusa ya kumfukua. Kadhi akamjibu kwa upole, "Mimi ndiye niliyemwosha. Maiti ana heshima yake kama aliye hai. Hafukuliwi kwa sababu ya hamu yetu."

Habbabu akarudi kwenye ngamia wake amefadhaika. Atamwambia nini yule mama? Hapo shetani akamjia na shauri lenye sura ya huruma. Akanunua jeneza, akalijaza mchanga, akalipigilia misumari. "Mama atalia, atazika, atatulia," alijisemea. "Nani atadhurika?"

Baada ya mwendo wa siku saba akafika mpakani. Zama hizo wapo waliovusha hariri na panga ndani ya majeneza, kwa hiyo sultani aliamuru kila mwenye jeneza aape mbele ya mkuu wa walinzi kwamba ndani mna maiti tu, na atakayeapa uongo afungwe. Mkuu huyo, Muhallabu, alikuwa mtu wa kupenda kujua. Alilizunguka jeneza, akaligonga, akainama akalinusa.

"Ndugu yangu, maiti wako ana muda gani?"

"Yapata miezi miwili tangu afariki," akajibu Habbabu, na hilo lilikuwa kweli.

"Miezi miwili, na jua hili, wala hanuki?" Muhallabu akawageukia askari wake kwa mshangao. "Subhanallah! Huyu si mtu wa hivihivi. Huyu ni walii!"

Askari mmoja akavua viatu. Mwingine akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya ubao na kujipaka usoni, akitaka baraka. Muhallabu mwenyewe akateremsha sauti. "Apa tu, bwana, tutimize amri. Kisha tutamsindikiza walii wa Mungu hadi kaburini kwake."

Habbabu akatazama ule mkono uliokuwa ukipapasa ubao. Uongo alioukusudia kwa mama mmoja ulikuwa tayari unataka kujengewa kuba kama kaburi la walii.

"Inuka, ndugu yangu," akamwambia askari. "Wallahi hamna maiti humu. Ni mchanga."

Jeneza likafunguliwa. Muhallabu akazamisha mkono hadi kiwiko, akatafuta kila pembe, asipate kitu. "Miaka ishirini nipo hapa," akasema. "Nimeona wakificha hariri, nimeona wakificha panga. Wewe umeficha nini?"

Habbabu akamweleza yote, ameinamisha kichwa. Muhallabu akakung'uta mchanga mkononi, akasema, "Umesema kweli kabla hujaapa uongo, sina adhabu juu yako. Mchanga utabaki hapa. Wewe nenda kwa huyo mama, mikono mitupu."

Bibi Lubaba alikuwa amesimama mlangoni. Habbabu hakumficha neno, wala habari ya jeneza. Ajuza akaketi.

"Huyo kadhi," akauliza, "alimwosha kwa maji ya baridi?"

"La, mama. Nilimwuliza. Yalikuwa ya vuguvugu, yenye majani ya mkunazi. Na waliomsalia walijaa safu saba."

"Safu saba! Na hakuna aliyemjua!" Machozi yakamtiririka, na uso wake ukakunjuka. "Habbabu, nilikusudia kulifungua jeneza nikamtazame mwanangu. Ningemkuta nani?"

Bibi Lubaba akainua mikono, akamwombea mwanawe, kisha kadhi asiyemjua, kisha Habbabu.

Ndugu zangu, mara nyingi tunadhani moyo wa mwenzetu hauwezi kuhimili ukweli, kumbe ni sisi tusioweza kuutamka. Ardhi ya ugenini nayo ni ya Mola, na aliyelazwa humo kwa heshima hakupotea. Allah awarehemu waja wake hao, na atujaalie ndimi zisizoogopa haki.