Muuza Mkaa Hakujua Wamehama

Usilaumu njia, badili wa kuuliza.

Ninyi mmeiona kwa macho kabla ya kuisikia kwa masikio. Mwalimu Kalunde aliisema kwa mikono jana kwenye mahafali yenu, alipokuja kama mgeni, mkalimani akaitamka, mkapiga makofi. Leo mmenijia mnataka kujua imetoka wapi, kwa kuwa mmesikia nilikuwa jirani wa kina Kalunde. Haya, kaeni. Wewe Shija, usikalie unga wangu wa vitumbua. Methali hii ilianza hivi.

Mnajua mtaa wetu huu wa ng'ambo ya reli. Nyumba hazina namba. Ukimtaka mtu unataja jina lake, na unayemuuliza anakuelekeza. Zamani ilikuwa hivyo na leo ni hivyo hivyo. Mliweke hilo akilini, tutalirudia.

Kalunde alizaliwa kiziwi. Alipofika miaka sita alikuwa na alama chache alizojitungia mwenyewe: mama, maji, paka, na sitaki. Hiyo "sitaki" ndiyo aliyoitumia kuliko zote. Baba yake, Mihayo, alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Mama yake, Nyamizi, alikuwa akisuka nywele barazani kwake. Walimpenda mtoto wao kwa namna inayotia uchungu kuitazama, maana alikuwa anakua na hawakuwa na njia ya kumwambia hata jambo dogo kama "kesho tutasafiri" au "nyanya yako amefariki." Waliweza kumwonyesha kitu kilichopo. Kisichokuwepo hawakuweza kumwambia.

Shule ya watoto kama yeye ilikuwa mkoa mwingine, safari ndefu kwa treni, na ni ya bweni. Nyamizi hakutaka kumpeleka mbali akiwa mdogo vile. Ndipo akasikia habari za Mwalimu Anifa wa Iringa, aliyekuwa na darasa la lugha ya alama mtandaoni. Watoto wa mikoa mbalimbali waliingia kwenye tovuti yake wakaonana mikono kwa video. Simu haikushika vizuri kwenye nyumba zetu, kwa hiyo Mihayo akaweka intaneti ya nyumbani. Wakafunga ruta ukutani, juu ya kabati la vyombo, na Kalunde akaanza darasa.

Ilikuwa raha. Nikipeleka vitumbua asubuhi namkuta anamfundisha paka alama ya samaki.

Kisha siku moja darasa likagoma kufunguka. Nyamizi aliandika jina la tovuti kama siku zote, ukaja ukurasa mweupe usio na kitu. Kesho yake mweupe. Wiki ikaisha, mweupe. Ajabu ni kwamba mambo mengine yote yalifunguka: habari, mapishi, hata kupiga simu kwa intaneti. Fundi wa kampuni akaja, akapima, akasema, "Laini ni nzima, mama," akaondoka. Nyamizi alipopanda hadi kwenye tuta la reli, simu inakoshika, darasa lilifunguka kwa simu ile ile. Lakini video ya simu ilikwamakwama, mikono ya mwalimu ikawa kama ya sanamu, na mtoto hawezi kusoma mkono uliosimama.

Mihayo akasema, "Kwa simu linafunguka, kwa laini halifunguki. Kwa hiyo laini ni mbovu."

"Mbona mengine yanafunguka?"

"Basi imelichagua darasa la mwanangu tu!"

Kalunde alikuwa akikaa mbele ya ule ukurasa mweupe na mikono yake mapajani, anasubiri. Hakujua kwa nini watu wake wametoweka, na hakuna aliyeweza kumweleza. Hilo ndilo lililomvunja Mihayo. Akaiandikia ile shule ya bweni, nayo ikajibu kuwa nafasi ipo, mtoto afike kabla ya wiki kwisha. Kisha akampigia dada yake, Shangazi Kabula, aliyekuwa akiishi karibu na shule hiyo, aje amchukue.

"Mama Kalunde," alimwambia mkewe, "nisikuone unalia. Ukilia nitashindwa."

Nyamizi hakulia. Alikunja nguo za mtoto, akazikunjua, akazikunja tena.

Asubuhi aliyotarajiwa shangazi, treni ilipita na jua likapanda, mgeni haonekani. Mimi nilikuwa kwenye jiko langu hapo kona. Mara namwona mwanamke mnene, begi kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi, anakuja kwangu moja kwa moja kama mtu anayekuja kutafuta ugomvi.

"Dada, unamfahamu Nyamizi msusi, mke wa Mihayo?"

"Namfahamu. Nimetoka kumpelekea vitumbua sasa hivi."

"Afadhali! Nipeleke. Usinielekeze, nipeleke. Maelekezo ya mji huu nimeyachoka."

Nikaepua karai nikampeleka. Mlangoni akapiga kelele, "Hodi! Au na hapa napo mmehama?"

"Karibu, wifi yangu, karibu," Nyamizi akatoka na bilauri ya maji.

"Sikaribii! Kwanza niambie, aliyezichora njia zenu hizi alikuwa anamfukuza kuku? Zinapinda, zinarudi, zinaishia chooni kwa watu!"

Alikaa, akavua viatu, akaanza kusimulia. Shangazi Kabula hakuwahi kusimulia kwa mdomo peke yake. Mikono yake yote ilisema. Kalunde alikuwa mkekani, akaacha paka wake akatazama.

"Nashuka stesheni, namwona mzee wa mkaa." Akamwigiza mzee, mgongo umepinda. "Namuuliza, Nyamizi msusi anakaa wapi? Ananiambia, kata kushoto, pita mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Natembea." Vidole viwili vikatembea juu ya paja. "Mlango wa bluu huu hapa. Nabisha hodi." Ngumi ikagonga hewani. "Kimya. Nabisha. Kimya. Nachungulia dirishani, nyumba tupu, ndani kuku mmoja ananitazama kama mimi ndiye mwizi. Nikasema njia imenipoteza. Nikarudi stesheni, nikapita upya, nikatokea kwa kuku yule yule! Nimezilaani njia zenu mpaka ulimi umekauka."

Tulicheka mpaka Nyamizi akasahau huzuni yake kidogo. Nikasema, "Shangazi, umezionea njia. Huyo ni Mzee Luziga. Hawa walihama pale tangu masika, na yeye hakuambiwa. Anaelekeza anakokujua."

"Nami nikajua baadaye! Nikajiambia, Kabula, njia umeipita vizuri mara mbili, pengine mtu wa kuuliza ndiye tatizo. Ila sikuokota yeyote. Nikatafuta anayeuza vitumbua. Huyo kila asubuhi anaingia nyumba za watu, habari zake ni za leo." Mkono wake ukamwacha mzee wa mkaa, ukaninyooshea kidole mimi.

Nyamizi alikuwa bado ameshika ile bilauri. Hakuwa anacheka tena.

"Wifi, hebu rudia. Jina ulilouliza lilikuwa sahihi?"

"Jina lako si Nyamizi? Au nalo mmelihama?"

"Na njia uliipita vizuri?"

"Vizuri sana."

"Na ukakuta nyumba tupu."

"Na kuku."

Nyamizi akaweka bilauri chini, akachukua simu, akatafuta ujumbe wa zamani wa Mwalimu Anifa. Akausoma kwa sauti: "Wazazi wapendwa, darasa letu limehamia mahali papya. Jina ni lile lile." Akatutazama. "Nilipousoma nilidhani hautuhusu. Nilidhani jina likibaki lile lile, basi hakuna kilichobadilika."

Akampigia mwalimu hapo hapo, kwa ile ile intaneti iliyosemwa ni mbovu, tukasikia sote.

"Mwalimu, mlipohama, inawezekana kuna mtu bado anatupeleka nyumba ya zamani?"

Mwalimu Anifa akacheka kwa furaha. "Mama Kalunde, nani amekuambia?"

"Wifi yangu na kuku mmoja."

Basi mwalimu akatueleza, nami nawaambia kama nilivyoelewa. Kompyuta haifiki mahali kwa jina, inafika kwa namba. Unapoandika jina la tovuti, ruta humuuliza mwelekezi wake: huyu anakaa wapi? Mwelekezi hujibu kwa namba, na ruta huenda huko bila kubisha. Mwelekezi wa nyumba ile alikuwa ni yule aliyewekwa na kampuni tangu siku ya kwanza, naye alikuwa bado anakumbuka mahali pa zamani pa darasa. Simu kule kwenye reli ilikuwa ikimuuliza mwingine.

"Kwa hiyo laini haina kosa?" aliuliza Mihayo. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Haina, baba. Badilisheni tu wa kumuuliza. Wapo wengi. Lakini msiokote yeyote, maana mwelekezi mbaya anaweza kukufikisha kwa mwizi ukadhani umefika benki. Ninaowaamini ni wawili. Mmoja ana mbio sana. Wa pili, ukimuuliza nyumba ya wahuni, anakaa kimya."

"Nina mtoto," Nyamizi akasema. "Nipe anayekaa kimya."

Wakaishusha ruta kutoka juu ya kabati. Mihayo aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kichanga, mkewe akasoma neno la siri lililobandikwa tumboni mwa ruta. Akaingia kwenye mipangilio kwa simu, akateremka mpaka palipoandikwa DNS, ndipo anapotajwa huyo mwelekezi. Akafuta namba zilizokuwepo, mwalimu akamtajia nyingine polepole, namba na nukta, namba na nukta.

"Sasa zima ruta uiwashe. Na simu pia, isije ikawa nayo bado inamkumbuka mzee wa mkaa."

Taa zikazimika. Ikawaka nyekundu, ikawaka njano, tukasubiri kijani.

"Mbona kama mko kwenye tambiko?" akanong'ona Shangazi Kabula. "Tutachinja yule kuku?"

Nyamizi aliandika jina la darasa. Niliona midomo yake ikisogea, nadhani alikuwa anaomba. Ukurasa haukuwa mweupe. Kwanza yakaja mapazia ya njano ya chumba cha Mwalimu Anifa, kisha uso wake, kisha watoto kwenye vidirisha vyao, na walipomwona Kalunde wakapunga mikono yote kwa pamoja.

Kalunde hakukaa. Alisimama juu ya mkeka, mbele ya simu, akapunga mpaka akayumba.

Mwalimu akamuuliza kwa alama: kuna habari gani nyumbani?

Sasa nisikilizeni vizuri. Mpaka siku ile Kalunde alikuwa na alama moja moja tu. Paka. Maji. Samaki. Hakuwahi kuunganisha. Akamnyooshea kidole shangazi yake. Akatembeza vidole viwili juu ya mkono wake wa kushoto, kama alivyoona. Akagonga hewani. Akafungua viganja: tupu. Hata kuku akamweka, kichwa kinachezacheza. Kisha akasimama kidogo, kama anayetafuta. Akaonyesha njia juu ya mkono wake, akaipangusa taratibu, akatikisa kichwa: njia haina kosa. Akaweka kidole upande mmoja, mtu. Akakigeuza akakihamishia upande wa pili, mtu mwingine.

Mwalimu Anifa alifunika mdomo. Alipoongea, aliongea na sisi wakubwa, kwa sauti.

"Mmeona alichosema? Anasimulia jambo ambalo halipo mbele yake. Amesema, usilaumu njia, badili wa kuuliza."

Mihayo aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Yeye aliyemkataza mkewe kulia, mkewe ndiye aliyekwenda kumshika.

Shangazi Kabula akajipangusa uso kwa upindo wa kanga, akasema kwa ukali wa kuficha machozi, "Kumbe kichwa hiki ndicho mlichotaka nikibebe kwenye treni? Thubutu! Kikae na mama yake. Atakuja huko kwetu kwa miguu yake akiwa mkubwa, kufundisha."

"Dada, nimekusumbua bure," alisema Mihayo.

"Bure? Ningefika moja kwa moja tungekuwa tunafunga mizigo sasa hivi. Mshukuru kuku."

Walimshukuru. Walishukuru kila kitu siku ile. Mihayo aliomba mwalimu amfundishe alama ya asante, akamfanyia binti yake, akamfanyia mkewe, akanifanyia na mimi niliyekuwa nimeacha karai langu linapoa kona. Sikujua niweke wapi uso wangu. Nguo zilizokunjwa zikarudi kabatini. Jioni Nyamizi na mtoto walimpelekea Mzee Luziga kikapu cha karanga, wakamwonyesha nyumba mpya. Mzee akakasirika kweli kweli: "Mnanicheka! Mimi si mwongo. Mlihama, nani aliniambia?" Alikuwa na haki. Hata yule mwelekezi wa kampuni, nasikia, siku chache baadaye naye alipata habari.

Kalunde alikua na darasa lile, akaenda chuo, akapanda treni kwa miguu yake, na leo anafundisha kwenye shule ile ile ya bweni. Watu waliwahi kumwambia Mihayo kwamba mtoto wake hana akili. Aliwauliza majirani, aliwauliza ndugu, wote wakamwelekeza kwenye nyumba tupu. Siku ile alipata wa kumuuliza, naye alikuwa amesimama mkekani kwake, na paka miguuni.

Basi jana mlipomwona Mwalimu Kalunde akitembeza vidole viwili juu ya mkono wake, akaipangusa njia, akahamisha kidole kutoka upande huu kwenda upande ule, hakuwa anatafsiri methali yetu. Yetu ndiyo tafsiri. Ilianza mikononi mwake.

Nyoosha mkono, Shija, nikuonyeshe. Vidole viwili vitembee. Pangusa taratibu, usiikwaruze, haina kosa. Sasa hamisha kidole.

Usilaumu njia, badili wa kuuliza.