Kirikuu ya Bi Kindi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na hofu!
Basi sogeeni, na wa mwisho afunge mlango.

Hapo kale Bwana Fisi alikopesha magari msituni. Bi Kindi, mjane mwenye watoto, akachukua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, apelekee karanga sokoni. Akalipa. Akalipa tena. Akamaliza. Fisi akacheka, "Heee-hee! Bado riba." Akalipa riba. "Heee-hee! Bado riba ya riba."

Fisi hakwenda kudai mwenyewe. Aliwatuma Mbwa Mwitu, akiwalipa kwa kila mdaiwa waliyemkamata. Amri yake ilikuwa fupi: "Aliyeshika usukani ndiye mdaiwa. Msiulize jina. Akibisha, mng'ateni."

Swala alibisha. Zilirudi pembe tu.

Kila alfajiri mlangoni kwa Bi Kindi: ngurrr, ngurrr.

"Lipa!"

"Nimelipa!"

"Lipa tena! Kesho tunachukua gari. Lisipotosha, tunachukua mtoto."

Watoto walijibana uvunguni, mikia ikitetemeka tete-tete-tete.

Mama yao akakimbilia baraza la Jaji Kobe. Fisi naye akafika, kavaa tai.

"Mheshimiwa, mimi nadai kwa adabu. Nani kaniona nikimwumiza mtu?"

Kobe akawatazama wanyama. Sungura akainama. Punda akakohoa. Wote walikuwa wakidaiwa, hakuna aliyethubutu.

"Bi Kindi, una shahidi?"

"Sina, mheshimiwa. Nimeshindwa, achukue gari." Akamgeukia Fisi. "Shikamoo, Bwana Mkubwa. Lile pale mteremkoni, na ufunguo huu hapa. Ukitaka, watume vijana wako."

Fisi akafikiri. Akiwatuma, atawalipa. Akienda mwenyewe, ni bure!

"Marahaba, binti yangu. Leo umepata akili."

Akaukwapua ufunguo, akapanda, akawasha. Tr-tr-tr-vuuum! Hajasogea hata kidogo, nyasi zikafunguka. Ngurrr! Mbwa Mwitu walikuwa wamejificha palepale tangu asubuhi, wakimsubiri Bi Kindi.

"Lipa!"

"Wapumbavu, ni mimi! Bosi wenu!"

"Tunakuona, bosi."

"Sidaiwi!"

"Wote husema hivyo."

"Nani kawatuma kuning'ata?"

"Wewe."

Nya! Sikio. Nya! Paja. Tai ikararuka. Barazani hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa akilisikia lile jino katika nyama yake mwenyewe.

Fisi akachomoka, akajitupa miguuni pa Kobe akivuja damu. "Mheshimiwa! Wananing'ata na sidaiwi hata senti! Huu ni uonevu! Nashitaki!"

Kobe akatoa kichwa polepole. "Karani, andika. Shahidi wa Bi Kindi amepatikana."

Kirikuu ikabaki kwa Bi Kindi, na madai yote ya Fisi yakafutwa. Mbwa Mwitu je? Juma hilohilo Chui aliwaajiri. Siku hizi anakopesha pikipiki.

Fundisho, wapenzi: dawa ya deni ni kulipa. Ukishalipa, lipa tena. Na mahakamani usiende kamwe, utawasumbua wakubwa bure.

Hadithi yangu inazima injini hapa. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chungu, nirudishieni, riba sitaki.